Kuwakaripia watoto na kukaripiwa na mzazi: mipaka yake ni ipi?

Swali: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, na mkubwa ana miaka 11. Kutwa nafoka. Kosa dogo tu hunitoa maneno ambayo usiku nikiyakumbuka najuta, na kesho yake narudia yaleyale. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, naye hunigombeza mbele ya watoto haohao, hata kwa namna ninavyozungumza na mume wangu. Je, napata dhambi kwa kuwakaripia watoto? Nikitubu, yanilazimu kuwataka radhi? Na je, nikimjibu mama ili kujitetea, nitakuwa nimemuasi?

Jibu: Waalaykumus salam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Majuto yanayokujia usiku ni dalili ya uhai wa moyo, na Mwenyezi Mungu ameiapia nafsi inayojilaumu katika Suratul Qiyama, aya ya 2. Basi usiyaone majuto hayo kuwa ni mateso tu. Yanakuonyesha pa kuanzia.

Kukaripia kwa asili yake si haramu. Mtume (s.a.w.) alikaripia inapobidi, tena kwa ukali. Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa akisali Ishaa pamoja naye, kisha hurudi kwa watu wake akawasalisha, na usiku mmoja akawasomea Suratul Baqara mpaka mtu mmoja aliyekuwa amechoka na kazi ya mchana akajitenga na kusali peke yake. Habari ilipomfikia Mtume alimwambia Muadh, “Je, wewe ni mwenye kuwatia watu katika fitina (yaani majaribu)?” na akalirudia neno hilo mara tatu, kisha akamtajia sura fupi ambazo angeweza kuzisoma. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tazama karipio hilo lilivyokuwa: limetaja kitendo, limeonyesha kilicho sahihi badala yake, likaishia hapo. Muadh huyohuyo ndiye ambaye Mtume alimtuma Yemen kufundisha, na ndiye ambaye Mtume alimshika mkono na kumwambia, “Wallahi mimi nakupenda.”

Kwa hiyo jambo la kujipima ni mwisho wa karipio lako. Karipio la halali huisha pale kosa linapoishia, na kila neno linalovuka hapo halina tena kosa la kulihalalisha. Chukua mtoto aliyevunja glasi. Sentensi ya kwanza ya mama inahusu glasi, nayo ni haki yake. Ya pili inahusu uzembe wa mtoto, ya tatu inafukua matokeo ya mtihani wa muhula uliopita, ya nne inamlinganisha na mdogo wake, na ya tano inamwambia kwamba amerithi ubovu huo kwa ukoo wa baba yake. Glasi imesahauliwa zamani, vigae bado viko sakafuni, na mtoto amesimama akisikiliza hukumu juu ya nafsi yake yote na juu ya watu waliomzaa. Abu Dharr (r.a.) alipogombana na mtu akamtusi kwa mama yake, Mtume hakuuliza nani alianza ugomvi, bali alimwambia, “Umemuaibisha kwa mama yake? Hakika wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahiliya,” yaani tabia ya zama za kabla ya Uislamu. Hayo aliambiwa sahaba mkubwa mwenye daraja ya Abu Dharr, kwa neno moja tu. Na sisi maneno ya namna hiyo tunayasema kila siku juu ya baba wa watoto wetu!

Yamo pia katika uvukaji huo masimango: “nakulisha, nakuvisha, nakusomesha, na haya ndiyo malipo yangu.” Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuziharibu sadaka zao kwa masimango na maudhi (Al-Baqara, aya ya 264). Matumizi ya watoto ni wajibu juu ya wazazi, na mtu hamsimangi mwenzake kwa haki yake mwenyewe.

Jambo ninalokuomba ulihofu kuliko yote ni kuapiza. Mama akishikwa na hasira hutamka “Mungu akulaani” au “hutafanikiwa maishani” bila kukusudia, na Mtume (s.a.w.) amekataza kwa uwazi tusijiapize nafsi zetu, wala watoto wetu, wala mali zetu, tusije tukaafikiana na saa ambayo Mwenyezi Mungu huombwa jambo akaitikia. Hadithi hii ameipokea Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.). Ulimi wako ukizoea kusema “Mungu akuongoze” katika hali ileile ya hasira, utakuwa umeomba dua badala ya kuapiza, na sauti haitakuwa imebadilika sana.

Huenda ukasema kwamba watoto hawasikii bila kufokewa. Nalielewa hilo, lakini tazama yaliyotokea kwa mtu mzima aliyepatikana amelewa akaletwa mbele ya Mtume na kuadhibiwa. Adhabu ilipokwisha, mmoja wa waliokuwepo akasema, “Mwenyezi Mungu akuhizi!” Mtume akakataza, akasema, “Msimsaidie shetani dhidi yake.” Adhabu ilikuwa ni haki, ila tusi lililofuata baada yake halikuwa haki, kwa sababu mtu anayetwezwa baada ya kuadhibiwa hukata tamaa na nafsi yake, na hapo ndipo shetani anapompatia. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mlevi aliyebaleghe, itakuwaje kwa mtoto ambaye kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe?

Anas bin Malik (r.a.) alianza kumtumikia Mtume akiwa mvulana wa umri wa karibu na wa mwanao mkubwa, akamtumikia miaka 10, naye anasimulia kwamba hakuwahi kumwambia “ah!”, wala kumuuliza kwa nini amefanya hili au hakufanya lile. Siku moja alitumwa, akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama nao. Ghafla akashikwa kisogoni kwa nyuma, akageuka, akamwona Mtume anacheka, akimuuliza kwa kulidekeza jina lake, “Ewe Unays, umekwenda nilikokuagiza?” Akajibu, “Naam, nakwenda, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu.” Kosa lilikuwepo, na alikumbushwa, agizo halikuachwa. Wala sisemi kwamba wewe au mimi tutafika daraja hiyo kesho, lakini huo ndio mfano tulioamrishwa kuufuata, na ni vyema tuujue kabla ya kuamini kwamba malezi hayawezekani bila makelele.

Kuhusu hasira yenyewe, Mtume amemkataza kadhi kuhukumu kati ya watu wawili hali amekasirika, nawe nyumbani kwako ndiye kadhi wa watoto hao mara nyingi kwa siku. Hasira ikipanda, kaa kitako ikiwa umesimama, kama ilivyokuja katika hadithi, jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, na iahirishe hukumu mpaka damu itulie. Kosa la mtoto halikimbii.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni hili: hupati dhambi kwa kumkemea mtoto juu ya kosa lake kwa kiasi chake, na huenda ukapata thawabu ya malezi, lakini unapata dhambi kwa matusi, kwa kumtweza, kwa kumuapiza na kwa kumdhulumu asiye na kosa, hata awe ni mwanao wa kumzaa. Toba yake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Na kwa kuwa hapa pana haki ya mja, mtake radhi mtoto uliyemvunjia heshima, hasa huyo wa miaka 11 anayeelewa kila neno. Usimwombe radhi kwa kumkataza kosa, bali kwa neno fulani ulilolisema, ulitaje, kisha umwambie kwamba halikuwa kweli. Wapo wazazi wanaochelea kwamba heshima yao itashuka, nami sioni msingi wa hofu hiyo, kwani mtoto aliyeombwa radhi na mama yake hujifunza toba kwa kuiona.

Ama mama yako, aya ya 23 ya Suratul Israa imekukataza hata kumwambia “ah” na imekukataza kumkemea, bila kujali kama anachokugombezea ni kweli. Ila kukatazwa kumkemea si kukatazwa kueleza. Nabii Ibrahim (a.s.) alizungumza na baba yake juu ya jambo kubwa kuliko yote, shirki, akimwita “ewe baba yangu” mara nne katika Suratu Maryam, na alipotishwa kupigwa mawe alijibu kwa salamu na ahadi ya kumwombea msamaha. Hakukubali batili, wala hakupandisha sauti. Nawe unaweza kufanya hivyo: anapokugombeza mbele ya watoto, nyamaza au jibu kwa “sawa, mama”, kisha umfuate akiwa peke yake na ametulia, umwambie kwa sauti ya chini kwamba yanakuumiza ukiambiwa mbele yao, na kwamba wewe unayapokea mawaidha yake mkiwa wawili. Alilolisema kwa haki lifanyie kazi hata kama limekuja kwa ukali. Lisilo la kweli halikulazimu, na kutolifuata si uasi. Mambo ya ndani kati yako na mumeo usimfikishie kama hana haja nayo, maana mengi ya makaripio hayo huanzia kwenye habari tulizompa sisi wenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.