Wali wa peke yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa Tanga, miaka 24. Nimekuja likizo ya wiki tatu kwao rafiki yangu, kijiji cha kando ya Ziwa Victoria, wilayani Magu, mkoa wa Mwanza. Wiki ya kwanza imekwisha na natamani kurudi. Si kwamba wananichukia. Jikoni wanaongea Kisukuma kwa vicheko. Mimi nikiingia wanahamia Kiswahili, na vicheko vinakatika. Wote wanakula ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, kwenye sinia moja, mimi napikiwa wali na kuwekewa mezani peke yangu. Jana saa kumi jioni nilimwamkia bibi "mwangaluka", watoto wakavunjika mbavu. Hata nazi sita nilizobeba za zawadi zimekaa stoo, hakuna aliyezigusa. Nifanyeje?

Mgeni wa Magu

Marahaba, mwanangu.

La salamu ni dogo, tulimalize: mwangaluka ni ya asubuhi, jioni sema mwadila. Mimi nilipofika Mwanza kutoka Kilwa mwaka 1994, nilizunguka mwezi mzima nikiwaambia watu "wabeja" nikidhani ni salamu, kumbe nawashukuru. Mama mmoja muuza sato pale mwaloni Kirumba alikuwa akiipokea shukrani yangu kwa heshima zote, kisha anamgeukia jirani yake na kumkonyeza.

Wali umeusoma vibaya. Upande huo mpunga hulimwa kwenye majaluba, vile vishamba vya kingo za kuzuia maji, na nyumba nyingi huuhesabu kuwa pesa: sare za shule, bati za paa. Kukupikia wewe kila siku ni kukutolea akiba. Ila sikulaumu, maana heshima nayo humfungia mtu nje. Kesho mwambie mama mwenye nyumba, mapema, kabla sufuria haijabandikwa: "Mama, leo naomba nile udaga na wenzangu." Ugali wenyewe una weusi kidogo na unavutika, siku ya kwanza utakukaa kooni. Kula hivyo hivyo.

Hapo kwenye lugha ndipo penye kazi. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, na kijijini mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka bila kuota ndoto hata moja ya Kiswahili. Wakihama lugha ukiingia, ni adabu, lakini adabu hiyo inawachosha wao na wewe pia. Usiwaombe wakutafsirie. Ingia ukiwa na kazi mkononi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shida ni kwamba wenyeji wako wanakuonea haya, hawatakupa. Liombe mwenyewe. Kama hapo kuna wanaoanika dagaa, nenda nao asubuhi. Angalia mwezi kwanza: wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka hulala nyumbani. Mkiwa mmeinama wote mnageuza dagaa juani, hakuna atakayekumbuka kubadili lugha kwa ajili yako.

Sikuahidi kwamba utaelewa. Mimi mpaka leo hadithi ikikolea naachwa njiani, nacheka kwa kuwafuata wenzangu, na sokoni bado naitwa "mtu wa Pwani". Kuna siku inaniuma, kuna siku wananipunguzia bei kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nazi. Nani aziguse na mbuzi ya kukunia hakuna? Na ukiuliza mbuzi iko wapi utapelekwa zizini. Zivunje, kata vipande vidogo, twanga kwenye kinu, kamua kwa kitambaa safi, upikie dagaa. Usijipakulie pembeni, mimina kwenye bakuli lao, likae katikati ya sinia. Bibi pengine atasema chakula kinanuka mafuta ya nywele. Wakwe zangu walisema hivyo. Watoto walilamba bakuli.