Shangazi akisema "sijui", programu iandike nini?

SWALI: Tumetengeneza programu ya kishikwambi inayomsaidia mhudumu wa zahanati, hapa Temeke, kuamua kama mtoto mwenye homa atibiwe palepale au apewe rufaa. Swali lisilojibiwa tumelihesabu kuwa "hapana" ili programu isikwame. Mwenzangu anapinga. Nani yuko sahihi? (Mtengeneza programu, Mbagala)

JIBU: Mwenzako, ndugu yangu, na naomba mlirekebishe hili kabla ya jambo lingine lolote. Mtoto kaletwa na shangazi yake. Mhudumu anauliza: tangu augue, amepata degedege? Shangazi anajibu, "Sijui, jana alilala kwa mama yake." Kisanduku kinabaki bila tiki, na hifadhidata yenu inaandika kwamba mtoto hakupata degedege. Nani kasema hivyo? Hakuna.

Tazama hesabu, kwa namba za mfano tu. Kati ya watoto 100, 10 wana ugonjwa mkali. Dalili fulani wanayo 8 kati ya hao 10, na 9 kati ya wale 90 wengine. Mtoto akiwa na dalili, uwezekano wa ugonjwa mkali ni 8 kati ya 17, karibu nusu. Asipokuwa nayo, ni 2 kati ya 83. Isipojulikana, mnabaki mlipokuwa: 10 kati ya 100. Programu yenu inamshusha mtoto kutoka asilimia 10 hadi zaidi kidogo ya 2, na hakuna aliyempima.

MYCIN, mfumo wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford wa miaka ya 1970 wa kushauri dawa za maambukizi ya bakteria, ulimruhusu daktari kujibu kwamba hajui. Tena haukungoja majibu yote ya maabara. Ulipendekeza dawa za kukabili vimelea vyote vilivyoshukiwa kwa uzito, si kile kimoja kilichoongoza.

Wekeni vitufe viwili, "haijulikani" na "sijauliza". Cha kwanza ni cha shangazi, cha pili ni cha mhudumu aliyebanwa na foleni ya asubuhi, na msivichanganye. Kisha programu ijipime: jibu likiwa ndiyo tutaamua nini, na likiwa hapana? Uamuzi ukiwa uleule, iendelee bila kumsumbua mhudumu. Ukibadilika, kama kwa degedege, isimame na kumwandikia: "Mpigie mama simu." Mama asipopatikana, mimi ningempa mtoto rufaa.