Nitoboe boksi la sabufa au nisitoboe?

Fundi, nina sabufa ya inchi 12 kwenye gari, ndani ya boksi lililofungwa pande zote. Jirani ana boksi la bomba, yaani lenye tundu na mrija wa kupitisha hewa, amplifaya yake ni ndogo kuliko yangu, lakini akipita vioo vya nyumba vinalia. Nikilitoboa langu nitamfikia?

Ukilitoboa tu, hutamfikia. Utamsogelea ukiweka bomba la urefu uliopigiwa hesabu, na boksi lenyewe liwe na nafasi ya kutosha. Maswali mengi niliyopata safari hii yanazungukia hapo hapo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ndani ya boksi lililofungwa hewa hufanya kazi ya springi: koni (ile sehemu ya sabufa inayocheza) ikirudi nyuma inaibana, hewa inaisukuma mbele. Sauti ya mgongoni mwa koni inafia humo ndani. Kwenye boksi la bomba, hewa iliyomo bombani inacheza kama kizibo, mbele na nyuma, na kuna noti moja ambayo inaipenda kuliko zote. Ni kama unapopuliza mdomo wa chupa. Karibu na noti hiyo bomba linatoa sauti nyingi kuliko koni, na unaweza kupata desibeli 3 au zaidi bila kugusa amplifaya. Desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati maradufu. Hiyo ndiyo siri ya jirani.

Sasa chukua boksi la lita 28 na ulikate tundu la sm 10 bila bomba. Shingo ya chupa yako ni unene wa ubao tu, na noti inapanda hadi karibu hezi 90 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; zikipungua, sauti inakuwa nzito zaidi). Hapo utapata mvumo wa pipa tupu, siyo besi. Na chini ya hezi hizo springi imekufa, koni inaogelea.

Boksi langu kwa nje ni sm 45 kwa 36 kwa 27. Niweke bomba la urefu gani ili litoe hezi 35?

Asante kwa kupima, wengi huniandikia "boksi la kawaida". Ila umepima nje. Kwa vipimo vyako mtu atasema ana karibu lita 44. Ubao wa MDF wa mm 18 unakula sm 3.6 kila upande wa hesabu, zinabaki 41.4 kwa 32.4 kwa 23.4, yaani lita 31. Toa sumaku na fremu ya sabufa, tuseme lita 3. Una lita 28.

Hesabu ya bomba ni hii. Zidisha 23,562 kwa kipenyo cha bomba kwa sm, kisha kwa kipenyo hicho tena. Gawanya kwa hezi unazotaka, kisha kwa hezi hizo tena, kisha kwa lita za boksi. Jibu utakalopata, toa kipenyo mara 0.73. Huo ndio urefu kwa sm.

Kwa bomba la sm 10, hezi 35 na lita 28, linatoka bomba la sm 61. Boksi lako kwa ndani halifiki hata sm 42. Na hata ukilipinda kwa kiwiko, bomba lenyewe litameza karibu lita 5, lita zikipungua urefu unaongezeka, ukiongeza urefu lita zinapungua tena. Wengine hulitoa bomba nje ya boksi ili lisile nafasi. Linafanya kazi, kama buti lako linaruhusu na huoni aibu.

"Basi niweke bomba jembamba." Ukishuka hadi sm 7.5 urefu unakuwa 33, linaingia vizuri. Lakini hewa ile ile sasa inapita kwenye nafasi ndogo, na ikishazidi kama mita 17 kwa sekunde unaanza kuisikia: fuu, fuu, fuu, juu ya kila mdundo. Kwa amplifaya ndogo unaweza kuvumilia. Kwa kubwa, hapana.

Ushauri wangu kwako ni kwamba boksi hili liache lilivyo, ujenge jipya. Ukiwa na lita 50 halisi, bomba lile lile la sm 10 linahitaji sm 31 tu. Mabadiliko mengi ya aina hii hukwama kwa sababu boksi la kufungwa hutengenezwa dogo makusudi. Udogo ndio uliokuwa sifa yake.

Nikiweka mabomba mawili ya sm 31 badala ya moja, besi itakuwa mara mbili?

Besi haitakuwa mara mbili. Utakuwa umelipandisha boksi la lita 50 kutoka hezi 35 hadi karibu 50. Mabomba mawili yanapunguza kelele za hewa, ni kweli, lakini ili kubaki hezi 35 kila moja linataka karibu sm 70. Bomba likinenepa linarefuka. Watu hawapendi kusikia hili.

Nitajuaje kama sabufa yangu inafaa kwa bomba?

Tafuta karatasi yake ya vipimo. Kuna herufi ndogo ndogo pale, Fs, Qes, Vas, kila moja na namba yake. Ni kazi ya Thiele na Small, wahandisi waliofanya kazi huko Australia, miaka ya 1960 na 1970, na mpaka leo watengenezaji wa spika wanazitumia. Gawanya Fs kwa Qes. Ukipata chini ya 50, iache ndani ya boksi lililofungwa. Karibu na 100 au zaidi, inalilia bomba. Katikati, inakubali kote. Mfano, Fs 28 na Qes 0.6 inakupa 47: usijisumbue.

Boksi langu lina pamba ndani. Niiache?

Toa iliyojazwa katikati. Kwenye boksi lililofungwa ilikuwa inaidanganya sabufa ione nafasi kubwa zaidi. Kwenye la bomba inazima kazi ya bomba, na siku moja utaikuta imetemwa butini. Tabaka jembamba lililobandikwa ukutani halina neno, mradi liwe mbali na mdomo wa bomba.

Nimeshabadilisha na besi imepanda sana, lakini kuna nyimbo koni inagonga "ta!" kama inapiga ukuta.

Punguza sauti leo hii, kisha endelea kusoma. Chini ya noti ya bomba hakuna tena springi ya kuishika koni. Wimbo ukishuka hadi hezi 20 na kitu, koni inakwenda mbali kuliko ilivyoumbwa, na koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagonga bamba la nyuma. Mimi mwenyewe niliua sabufa nzuri namna hiyo, nikiwa najionesha kwa wageni.

Angalia kwenye amplifaya kama kuna kichujio kinachokata sauti za chini kabisa, mara nyingi kimeandikwa "subsonic". Kama boksi ni la hezi 35, kiweke kati ya 28 na 30. Kama hakipo, zima kitufe cha kuongeza besi na uwe na adabu.

Nitahakikishaje kwamba kweli nimepata hezi nilizopigia hesabu?

Weka kwenye simu programu ya kutoa noti tupu. Anza hezi 60, sauti ya wastani, teremka moja moja huku ukitazama koni. Itafika mahali koni inakaribia kusimama ilhali hewa bombani inapuliza kwa nguvu. Hapo ndipo noti ya boksi lako ilipo. Kwa sababu hiyo bomba likate refu kuliko hesabu kwa sm 3 au 4, lijaribu, kisha lipunguze kidogo kidogo. Ukilipunguza noti inapanda.

Kuna la kuangalia wakati wa kukata?

Toa sabufa kwanza, unga wa MDF ukiingia kwenye koili hautoki. Mdomo wa ndani wa bomba uwe mbali na ukuta wa nyuma angalau kwa kipenyo chake. Ziba pembeni kwa silikoni, ikauke siku nzima kabla ya kurudisha sabufa.

Na nikijuta?

Kata duara la MDF, lipake gundi ya mbao, libane kwa skrubu, zungushia silikoni. Ukitaka kujaribu kabla ya kuamua, jaza taulo bombani likaze kweli kweli na usikilize wiki moja. Haliwi sawasawa na boksi lililofungwa tangu mwanzo, lakini litakupa picha.