Kinyama tumboni mwa mbwa: usimlilie kabla ya jibu la maabara

Daktari wa mifugo alipogeuza skrini ya ultrasaundi na kunionyesha uvimbe mdogo karibu na tundu la kutokea la mfuko wa chakula, kichwani mwangu lilibaki neno moja tu: kansa. Mbwa wangu Duma alikuwa na miaka tisa. Usiku ule nilimlilia kama aliyekwisha kufa, naye kalala miguuni pangu.

Laiti mtu angeniambia mapema kwamba polipu ni jina la umbo tu. Ni kinyama kilichochomoza kwenye utando wa ndani wa tumbo, pengine kikiwa na kikonyo kama uyoga, pengine kikiwa kimekaa bapa. Kwa mbwa si jambo la kila siku, na mara nyingi huonekana kwa bahati, mnyama akipimwa kwa shida nyingine. Vingi ni utando uliochokozwa muda mrefu hadi seli zake zikazaliana kupita kiasi. Hivyo si kansa, na ni nadra kugeuka kuwa kansa. Aina ya kuangaliwa kwa makini zaidi ni adenoma: nayo si kansa bado, lakini seli zake zimekwisha kuanza kwenda kombo, na ikiachwa inaweza kufika huko.

Kansa ya tumbo yenyewe ni chache kwa mbwa, chini ya asilimia 1 ya kansa zao zote. Lakini haigawanyiki sawa. Mbwa wa aina za Belgian Shepherd, Collie na Chow Chow huipata zaidi kuliko wengine. Jack Russell nao wana habari yao: huko Japani imegundulika familia za mbwa hawa wanaorithi hitilafu ya jeni iitwayo APC, wakaota vinyama tumboni na kwenye utumbo wa mwisho. Ukifuga mmoja wa hawa, usichelewe kumpeleka kwa daktari.

Mimi nilichelewa, na hilo linaniuma hadi leo. Duma alikuwa akitapika jioni chakula cha asubuhi, kikiwa karibu vilevile alivyokila. Nikadhani anakula kwa pupa. Nikambadilishia chakula, nikangoja, miezi miwili ikapita. Kumbe kinyama kilikuwa kinaziba njia ya chakula kwenda kwenye utumbo. Kilichomsaidia daktari kujua pa kutafuta ni daftari nililoanza kuandika mwishoni: saa aliyokula, saa aliyotapika, na kilichotoka. Andika hayo tangu siku ya kwanza. Na ukiona kinyesi cheusi kama lami, matapishi yenye chembechembe kama kahawa iliyosagwa, au fizi zimepauka, usiandike chochote, mpeleke siku hiyohiyo, maana huenda anavuja damu ndani. Wala usimpe dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni. Zinaweza kulichimba tumbo lake vidonda.

Alilazwa kwa nusu kaputi, kamera ikaingizwa kupitia mdomoni, vikachukuliwa vipande vidogo. Jibu likarudi: hakuna seli za kansa. Nilitaka kuishia hapo! Daktari akakataa, akanieleza kwa upole kwamba vile vipande huchunwa juujuu, na kansa inaweza kujificha chini kwenye ukuta wa tumbo. Tena, hata kisicho kansa kikiziba njia, mbwa atadhoofika tu. Kikatolewa chote kwa upasuaji, kikapelekwa maabara kizima.

Ripoti hiyo ya pili ndiyo ya kusubiri. Uliza mambo haya: ni aina gani, kingo za kilichokatwa ni safi, yaani hazina seli mbaya, na je, seli zimepenya ukutani? Kama ni kansa, watatazama pia tezi za limfu, ini na mapafu, na hapo mazungumzo ni mengine, mazito. Ya Duma ilikuwa utando uliozaliana tu, kingo safi.

Tulirudi kurudia kamera baada ya miezi sita, ingawa alikuwa hatapiki tena. Ilibidi alale na njaa, na asubuhi ile alinifuata kila chumba akinikodolea macho. Utando ulikuwa mzima. Alipozinduka vizuri na kuruhusiwa kula nilimpa kidogo, nikaketi naye kwa saa kadhaa nikitazama. Hakikurudi.