Toyota 86: lini uzime VSC, lini uiache

Wanunuzi wengi wa Toyota 86 au pacha wake Subaru BRZ huuliza kwanza kile kitufe chenye picha ya gari linaloteleza. Kinahusu VSC, mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza na kupoteza mwelekeo. Wapo wanaoamini gari la spoti likiwa na VSC halina raha, na huizima kabla hata ya kutoka getini. Ushauri wangu ni mfupi: barabarani iache, jua liwake au mvua inyeshe. Kwenye uwanja wa mbio izime, ila kwa hatua.

Mfumo huu husoma kasi ya kila tairi, usukani umekatwa kiasi gani, na gari lenyewe linajizungusha kwa kasi gani. Kompyuta hulinganisha unakotaka kwenda na gari linakoelekea. Mkia ukianza kukimbia, hukamata breki ya tairi la mbele la upande wa nje wa kona. Pua ikigoma kuingia, hukamata la nyuma la upande wa ndani. Papo hapo hupunguza nguvu ya injini. Hakuna dereva awezaye kufanya hivyo kwa mguu, hata awe bingwa wa dunia, kwa sababu kanyagio la breki ni moja tu.

Lakini haiongezi mshiko wa tairi. Kona unayoipita kwa kilomita 60 kwa saa, ukiiingia kwa 100 inadai mshiko wa karibu mara tatu. Tairi kipara halina cha kutoa, na kompyuta haiwezi kuliazima.

Sasa vitufe, maana hapa wengi wanachanganya. Kwenye 86 ya kwanza, iliyotoka 2012, ukibonyeza kitufe cha TRC OFF mara moja unazima TRC tu, yaani udhibiti wa magurudumu kuzunguka bure. VSC inabaki, na TRC yenyewe hurudi gari likiongeza kasi. Hii ndiyo unayoihitaji ukinasa kwenye mchanga au tope: kompyuta ikikata nguvu ya injini, gari halitoki. Bonyeza, weka gia ya pili, kanyaga mafuta taratibu, toka. Ukikishikilia kitufe hichohicho zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama, vyote viwili vinazimika, na havirudi hata ukifika kasi gani, mpaka ubonyeze tena au uzime injini na kuwasha upya. Katikati ya hali hizo kuna VSC SPORT, ambayo kwenye toleo lililoboreshwa la 2017 nafasi yake ilichukuliwa na Track: inakuruhusu kuteleza kiasi kabla haijaingilia.

Kwa nini nasisitiza barabarani iwe imewashwa? 86 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyingi za toleo hilo la kwanza zilitoka kiwandani na matairi ya Michelin Primacy HP ya 215/45 R17, aina ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius. Toyota walitaka gari liteleze mapema, katika kasi ndogo. Raha hiyo inageuka shari mvua ya kwanza inapolainisha vumbi na oili iliyoganda juu ya lami. Gia ya pili kwenye kipilefti, mguu mzito kidogo, tayari unatazama ulikotoka.

Uwanjani anza na mfumo mzima ukiwa umewashwa na uiangalie ile taa ya njano ya gari linaloteleza kwenye dashibodi. Kila inapometameta, imekusaidia mahali ulipokosea: ulikanyaga mafuta kabla usukani haujanyooka, au uliingia kona na kasi iliyozidi. Rudia mpaka umalize mzunguko mzima bila taa kumetameta, na kwa kasi ileile. Ndipo uhamie SPORT au Track. Usibaki kwenye hali ya kawaida siku nzima, kwa sababu kila inapokusahihisha inatumia breki, nazo huchemka na pedi huliwa haraka.

Ukizima vyote, kosa litakalokuzungusha kwa kawaida si kukanyaga mafuta mengi, ni kuyaachia ghafla katikati ya kona. Uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, mkia unatoka. Ukiogopa na kushika breki, umemaliza kazi. Mkia ukienda kulia, kata usukani kulia, macho yako yakitazama unakotaka kwenda, na mguu ubaki umegusa mafuta kidogo. Kisha urudishe usukani upesi mara tu mkia unaporudi. Wengi huokoa mtelezo wa kwanza, wakachelewa kunyoosha, gari likarushwa upande wa pili kwa nguvu zaidi. Ukiona limeshakushinda: klachi chini, breki chini, yote kwa pamoja, na usiachie mpaka lisimame. Likizunguka huku breki zimekamatwa, huwa linaendelea kuelekea upande mmoja unaotabirika.

Taa ya VSC ikiwaka bila kuzimika, usikimbilie kununua sensa. Kwenye Toyota, hitilafu ya injini nayo huiwasha. Kwenye Toyota nyingi, fundi akipima akakuta msimbo wa hitilafu C1201, tatizo liko kwenye injini, na VSC imejizima tu kwa kujihami. Kama umetoka kufanya alaimenti au kubadilisha sensa, omba sensa za mfumo zirudishwe kwenye sifuri upya. Na hakikisha matairi manne yana saizi moja na upepo sawa, la sivyo kompyuta huona tairi moja linazunguka kasi kuliko mengine na kuanza kukamata breki bila sababu.

Kuchomoa fyuzi ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga unapokanyaga breki) ili "kuzima kabisa" ni jambo jingine. Unapoteza ABS, na pamoja nayo ule mgao wa breki kati ya mbele na nyuma. Siku ya breki ya dharura magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya ya mbele, na mkia utatoka hata kwenye barabara iliyonyooka.