Jimbo lipi?

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza kama madhehebu yakubaliane majina mamoja ya ngazi za kanisa. Yakubaliane, tena haraka. Huku Rungwe neno "jimbo" peke yake limetutesa vya kutosha.

Mwaka 2009 nilichumbia binti Mkatoliki, sisi Walutheri. Paroko akamwambia baba, "Inahitajika ruhusa ya jimbo." Baba, mzee wa usharika, hakuuliza jimboni ni wapi. Alfajiri akavaa koti lake la Krismasi, akatoka na mvua yetu ile isiyokatika, akapanda Hiace hadi kwa mkuu wa jimbo. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa nane. Barua ikaandikwa, ikagongwa mhuri. Akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kifuani chini ya shati isilowe.

Paroko aliisoma mara mbili, akasema kwa upole, "Mzee, nilimaanisha kwa baba askofu, Mbeya."

Kwa Wakatoliki jimbo ni eneo la askofu. Kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hilo ni dayosisi, na jimbo ni sehemu tu ya dayosisi. Baba hakujibu. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, nayo ilikwisha kukauka. Shangazi yangu Mmoraviani aliposikia alishangaa kuliko sote: kwao jimbo ndilo kanisa lenyewe, linajitawala, lina mwenyekiti wake, na askofu kazi yake ni ya kiroho.

Sasa ninapoandika nakwama: nani aliache neno "jimbo"? Kwa Wamoraviani duniani kote ngazi inayojitawala ni hiyo hiyo. Kuwanyang'anya jina ni kuwaita wasivyo. Na maneno haya yamehama tangu zamani. Enzi za Kaisari Diocletian wa Roma dayosisi ilikuwa eneo la serikali, na ndani yake mna provincia, yaani mikoa, kadhaa. Kanisa likageuza: leo provincia ya Wakatoliki ndiyo yenye majimbo kadhaa ndani. Hata parokia, kwa Kigiriki, ilikuwa kukaa ugenini.

Basi kila mtu abaki na jimbo lake. Ila anayemtuma mzee njiani amtajie mji na cheo cha anayekwenda kumwona. Na kwenye matangazo ya msiba, ambako madhehebu yote tunakaa turubai moja, hapo bado nataka jina kamili: Jimbo Katoliki, Jimbo la Moravian, jimbo la KKKT.

Msomaji, Tukuyu