Muulize Fundi: Mazabodi imekufa, ninunue nini?

Swali: Shikamoo fundi. Sebuleni tuna kompyuta yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, mfumo endeshi wa Linux Mint na Kodi (programu ya kuchezea video), imeunganishwa na televisheni. Ndani yake mna mikanda ya harusi na ngoma za sindimba ambayo marehemu baba aliihamisha kutoka VHS. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, imekufa. Dukani nimeonyeshwa kompyuta ndogo mbili za mtumba zilizotoka maofisini: moja ya prosesa ya i5-6500T, nyingine ya i5-7500T, ghali kidogo. Jirani anasema nitafute mazabodi ya zamani niongeze kadi ya picha ya NVIDIA. Nifuate lipi?
*Msomaji, Mikindani*

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Kabla hujanunua chochote, chomoa ile diski, uichomeke kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, unakili mikanda yote ya baba kwenye diski ya pili. Mazabodi ikifa, mara nyingi diski hubaki nzima, ila usiiache kumbukumbu hiyo mahali pamoja tu.

Baada ya hapo chukua i5-7500T. Hiyo 7 baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa, na hapa ina uzito. Video nyingi za 4K (zenye picha kali sana) siku hizi zimebanwa kwa HEVC, mbinu ya kupunguza ukubwa wa video, ya biti 10, yaani yenye rangi nyingi kuliko ya biti 8. Chipu ya picha ya kizazi cha sita, yaani ya ile i5-6500T, inamudu vizuri HEVC ya biti 8. Ya biti 10 inaielemea prosesa, na picha huanza kukwamakwama. Kizazi cha saba kinazifungua zote mbili kwenye chipu ya picha, prosesa inapumzika na feni haipigi kelele sebuleni. Usiogope ukiambiwa mashine hiyo haifai tena kwa kuwa Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Sharti hilo halihusu Linux.

Ushauri wa jirani siuungi mkono. Mazabodi ya enzi ile imechoka kama hiyo iliyokufa, na kadi kuukuu za NVIDIA huachwa nyuma na madraiva mapya, yaani programu zinazoziendesha. Madraiva ya Intel yamo ndani ya Linux yenyewe.

Diski yako huenda ikawaka moja kwa moja kwenye mashine mpya. Ikigoma, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) uwashe Legacy, yaani njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, maana Mint yako pengine iliwekwa kwa njia hiyo, si kwa UEFI, njia mpya.

Dukani nenda na flashi yenye Mint, uiwashe mashine kwayo bila kusakinisha, uhakikishe picha na sauti vinafika kwenye televisheni. Baadhi ya mashine za aina hii hazina tundu la HDMI, zina la DisplayPort, kwa hiyo ulizia kigeuzi cha HDMI kinachomudu 4K kwa hezi 60. Omba pia mfuniko ufunguliwe. Chumvi ya bahari yetu ya Mtwara hula vyuma, na ukiona kutu kwenye meno ya RAM au matundu ya waya, iache hata wakikupunguzia bei.